Chanjo Iliyoanza na Watoto

Baridi ya Umatengo niliichukia tangu asubuhi ya kwanza. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekulia kwenye joto la ziwa, na kwetu blanketi lilikuwa kitu cha mgonjwa au cha bibi harusi. Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi serikali ilinipangia Mbinga, na Mbinga wakanisukuma mbele zaidi, kwenye zahanati moja ya njia ya Matiri, mahali ambapo mwezi wa sita ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi na kukaa mpaka saa nne. Nesi niliyempokea kazi aliniachia koti lake la sufu. Alinivalisha mwenyewe, akanifunga vifungo huku anacheka, akasema, "Utaizoea hii baridi, au utaolewa." Sikuizoea, na kuolewa niliolewa kwingine. Kilichonisaidia ni hasira zangu za karibu, maana mtu mwenye hasira angalau hatetemeki.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa ujamaa. Sote tulikuwa ndugu. Viongozi walikuja na gari, wakasimama mbele ya ghala la ushirika na kutuhimiza tulime kwa bidii. Wamatengo waliwasikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, kisha wakarudi kwenye mashimo yao ya kulimia yanayoitwa ngolo, ambayo babu zao walikuwa wakiyachimba kwenye miteremko ile kabla hajazaliwa yeyote kati ya hao waliokuja kuhimiza. Sijaona watu wanaofanya kazi kama wale. Hata mwanamke mwenye mimba ya kukaribia kujifungua ungemkuta amebeba jembe, na ukimwuliza anakwenda wapi anakushangaa.

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa kiguu na njia, leo yuko Mbinga kufuata dawa, kesho yuko Songea kufuata mshahara wetu, kwa hiyo mara nyingi zahanati ilikuwa yangu. Nyumba ya nesi haikuwepo. Nikapewa chumba katika mji wa mzee mmoja, mkuu wa ukoo mkubwa, ambaye nyumba za wanawe na wadogo zake zilitapakaa kwenye mteremko wote. Nilimwita Babu, na mke wake nikamwita Bibi. Walikuwa Wakatoliki wa kusali kila Jumapili, nami Mwislamu, na jambo hilo walilipanga wenyewe bila kuniuliza. Kuku alipotakiwa kuchinjwa walimtuma mtu akamwite karani wa ushirika, Myao wa Tunduru, Mwislamu mwenzangu, aje achinje, ili nami nile. Yule karani alikula kuku wengi sana kwa ajili yangu.

Mbele ya nyumba ya Babu kulikuwa na kibanda kisicho na kuta ambacho Wamatengo wanakiita sengu. Jina hilohilo ndilo la kibanda na ndilo la kikao kinachokaa humo. Kila jioni kila nyumba ya ukoo ilileta chakula chake pale, wanaume wakala pamoja, na huku wanakula wakaamua mambo: nani apewe kipande gani cha shamba, binti wa nani anaposwa na watu wa aina gani, nani amelewa akamtukana shemeji yake. Kwingine desturi hiyo ilikuwa imeanza kufifia, vijana wanapenda kula kwa wake zao, lakini kwa Babu ilikuwa hai. Na ilikuwa na zamu zake. Babu alinawa kwanza, akamega tonge la kwanza. Wakafuata wadogo zake, kisha wanawe, mkubwa kwanza. Watoto wa kiume walimalizia kilichobaki. Wanawake walileta mabakuli, wakapiga magoti, wakayaweka, wakaenda kula jikoni. Mimi nilikula jikoni na Bibi, na sikujali, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na moto.

Bibi alikuwa na kifua kibovu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye maneno ya kuchokoza, na kila akicheka sana alimalizia kwa kukohoa. Alinitania kuhusu samaki. Wachuuzi walipopanda na usipa, vidagaa vya ziwa Nyasa, nilikuwa nikisema kwamba huo si kitu mbele ya dagaa wa Ujiji, na yeye alikuwa akisukuma bakuli upande wangu na kusema, "Basi usile, mwanangu, subiri wa kwenu waje kwa miguu." Nilikula. Nilimpenda Bibi yule kama nilivyompenda mama yangu mzazi, na nadhani alijua.

Sasa, kichomi huko kilikuwa na msimu kama kahawa. Kahawa inapoanza kuwa nyekundu, na watu wanaamkia mashambani kwenye umande kuichuma, ndipo mafua yanapoingia. Yalianzia shuleni. Watoto wakapiga chafya siku mbili tatu na kuendelea kucheza mpira na makamasi yao. Wakawaambukiza wazazi, wazazi wakalala kidogo, wakainuka kwa sababu kahawa haingoji. Yalipofika kwa wazee hayakwenda tena popote. Yalishuka kifuani yakawa kichomi, na mzee aliyekuwa anaota moto juzi leo anapumua kama mtu aliyebebeshwa gunia. Kila baridi tulizika wazee. Watu walilichukua hilo kama sehemu ya mwaka, na mimi ndilo lililokuwa likinitia hasira kuliko yote.

Baridi yangu ya kwanza Bibi alishikwa. Nilimchoma penisilini asubuhi na jioni, nikamwinua mgongo kwa mito ya majani makavu, nikamnywesha uji kwa kijiko. Babu alikaa nje ya mlango siku zote hizo, anachonga mpini wa jembe ambao sikuwahi kuuona umekamilika. Alikuwa mtu wa maneno machache na uso mgumu. Wanawe walimwogopa. Bibi alipoanza kunitania tena ndipo alipoweka chini kisu chake.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo sindano unamchoma akiwa ameshaugua. Hakuna ya kumchoma kabla?"

"Hakuna, Babu."

"Watoto mnawachoma kabla."

"Hizo za watoto ni za magonjwa mengine. Ya kichomi haipo."

"Basi uulize."

Niliuliza. Kila niliposhuka Mbinga Babu alinisindikiza mpaka barabarani kwenye lori la ushirika na kunikumbusha niulize, na kila niliporudi alinipokea mzigo na swali hilohilo. Daktari wa Mbinga alinijibu kwa upole kwamba hajasikia kitu kama hicho kwa watu wazima, labda Ulaya wanacho cha mafua, lakini sisi tushukuru penisilini. Siku hizi ipo, ya mafua na ya kichomi pia. Mwaka juzi mwanangu alinipeleka hospitali moja ya mjini nikachomwa zote mbili, moja kila bega, na yule kijana aliyenichoma akaniuliza kama nimeumia. Nilimwambia sijaumia. Nilikuwa nalia, na hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Mwaka wa pili, kabla baridi haijaingia, habari zilikuja kwamba ndui imeonekana ng'ambo ya mto Ruvuma. Kule kulikuwa na vita, na watu walikuwa wakivuka kuja kwetu na watoto mgongoni, wengine wakifikia Liparamba, wengine wakishika njia ya ziwani. Serikali ikatangaza kwamba kila mtu achanjwe, mkubwa kwa mdogo, awe amechanjwa zamani au hajachanjwa. Wilayani wakatuletea Bwana Afya mmoja na msaidizi wake, kwenye Landrova iliyojaa tope mpaka kwenye vioo. Bwana Afya alikuwa Mhaya mrefu, msafi, mwenye haraka. Alikuwa na siku chache tu za kumaliza vijiji vya upande wetu, kisha ashuke ziwani.

Alianza na shule. Nani asingeanza na shule? Watoto wako pale, wamepangwa mistari, mwalimu ana fimbo. Tuliwachanja wote kabla ya saa ya uji. Ile sindano ya ndui ilikuwa ya kuchomachoma juu ya ngozi, yenye meno mawili, haiumi sana, na watoto walikwenda nyumbani wanajisifu na kuonyeshana mikono. Jioni nzima mteremko ulisikika kelele zao. Bwana Afya akamwambia balozi wa nyumba kumi awatangazie watu wazima wafike kesho kwenye ghala la ushirika.

Kesho yake walikuja walimu, karani wa ushirika, katekista na vijana wachache waliotaka kuiona Landrova. Basi. Tulikaa pale mpaka jua likakaa utosini. Wanawake walipita na mizigo ya kuni, wakatusalimu vizuri sana, wakaendelea na njia. Wazee hatukuwaona kabisa. Balozi alikuja anafuta jasho ingawa hakukuwa na joto, akasema watu wako mashambani, watu wana msiba, watu hawakusikia. Nilimkatiza. Nilimwambia mji wote huu umesikia watoto wakipiga kelele jana, hawawezi kusema hawakusikia. Akainamisha kichwa. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Babu, na alijua kitu ambacho hakuthubutu kukisema mbele ya mgeni.

Bwana Afya akafunga sanduku lake. "Wakikataa wamekataa," alisema. "Kesho kutwa nashuka Mbamba Bay."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimkuta Bibi jikoni anachambua maharage, nikaanza kumwaga yote yaliyonijaa moyoni, kwamba watu wake ni wakaidi, kwamba ndui ikija itawaozesha macho, kwamba nitaomba uhamisho. Alinisikiliza huku anatupa vijiwe. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa, "Lakini mmeanza na watoto."

"Tumeanza na watoto, ndiyo. Kuna ubaya gani?"

"Kwenye sengu nani anaanza?"

Akaniambia kwamba jana yake jioni, watoto walipokuja na mikono yao, wazee walilijadili jambo hilo wakati wa kula. Wengine walisema kitu kilichoanza na watoto ni cha watoto, kama uji wa shule, na mtu mzima hakimhusu. Wengine walisema hapana, ni cha wote, lakini watoto wameshapewa, sasa sisi tunaitwa ghalani kumalizia. Na mkubwa akimalizia cha mtoto wake, kesho mtoto huyo atamsikiliza vipi? Mdogo wake Babu ndiye aliyesema neno lenyewe: makombo. Baada ya neno hilo hakuna mtu ambaye angekuja.

Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka Bibi naye akacheka, akakohoa, nikampigapiga mgongo. Nilipousikia mgongo wake chini ya kiganja changu, mifupa mitupu, kicheko kikanikauka. Ndui ikipanda mpaka hapa, watu wa kwanza kuondoka wangekuwa wa aina hii. Mume wake akikataa, yeye hawezi kwenda ghalani peke yake, wala wakwe zake, wala jirani. Mteremko mzima ulikuwa umefungwa kwa neno moja lililosemwa wakati watu wanakula ugali.

"Bibi," nilimwambia, "na kama ingeletwa kwenye sengu? Ikaanza na Babu?"

"Ingekuwa imeletwa mahali pake," alisema, na kurudi kwenye maharage yake.

Nilimfuata Bwana Afya alikofikia, kwa mwalimu mkuu. Alikuwa amevua viatu, ameweka miguu kwenye maji ya moto, hakufurahi kuniona. Nilipomweleza alinitazama kama nimelewa.

"Dada, mimi ni mtu wa afya. Si mpishi, nikapakue kwa zamu."

"Kaka, chanjo unayo, watu huna. Zamu ndiyo itakayokupa watu."

"Na wakisema ni makombo?"

"Kile kichupa cha jana ulikitupa, sivyo?"

Alikuwa amekitupa. Kichupa kikishafunguliwa na kuchanganywa na maji yake ilikuwa lazima kitumike siku hiyohiyo, kesho yake hakifai.

"Basi ufungue kipya mbele yao," nilisema. "Waone kwa macho yao hakijaguswa na mtoto wa mtu."

Alinung'unika kwa Kihaya, maneno ambayo nashukuru siyajui. Halafu akauliza hao wazee wanaamka saa ngapi.

Tulifika asubuhi, ukungu ungali umekaa. Babu alikuwa ametaarifiwa na Bibi, na wazee wote wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye sengu, kila mtu na blanketi lake, kwenye nafasi yake ileile ya kulia chakula. Moto ulikuwa katikati. Wanawake walisimama nje, karibu na mlango wa jiko. Mimi nilikuwa mwanamke pekee aliyeingia ndani ya kile kibanda, na niliingia kwa sababu ya gauni langu jeupe tu. Nilipiga magoti nikasalimia, shikamooni, wakaitikia marahaba. Bwana Afya, na viatu vyake vinavyong'aa, alitazama huku na huku, kisha naye akachuchumaa. Hapo nilimpenda.

Alieleza vizuri. Akatoa kichupa, akakizungusha kila mtu akione kimefungwa, akakivunja shingo mbele yao. Nikasikia wazee wakivuta pumzi na kukubali. Mdogo wake Babu, yule wa makombo, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeombwa radhi. Msaidizi akawasha taa ya spiriti, akaipitisha sindano kwenye moto. Yote yalikuwa yamekwisha, kilichobaki ni Babu kukunja shati.

Babu hakukunja. Alinitazama mimi, macho yakimpita Bwana Afya.

"Mwanangu. Dawa hii inazuia na kichomi?"

Hao wazee wote walikuwa wamezika wenzao kwa kichomi, na baridi ilikuwa mlangoni. Niliona shingo zao zikisogea mbele. Kumbe wakati sisi tunagombana na habari za makombo, wao walikuwa na swali lao moja tu.

Bwana Afya aliwahi. Alikuwa mtu mwerevu, na aliona anachohitaji ni neno moja dogo. "Mzee, chanjo inaimarisha mwili," alisema. "Mwili ukiimarika, magonjwa mengi..."

"Haizuii," nilisema.

Aligeuka kunitazama. Sikumtazama. Nilikuwa namwona Babu tu, na nyuma yake, mlangoni kwa jiko, Bibi amejifunga kanga mbili na kushikilia kifua.

"Haizuii kichomi, Babu. Inazuia ndui peke yake. Ya kichomi niliuliza kama ulivyonituma, na haipo. Mimi sina, Bwana Afya hana, Mbinga hawana."

Sura ya Babu ilifunga. Sijui namna nyingine ya kuisema. "Kwa hiyo," alisema polepole, "ugonjwa unaokuja nyumbani kwangu kila mwaka hamna dawa ya kuuzuia. Ule ambao haujafika ndio mmeuletea gari."

"Ndiyo, Babu. Ndivyo ilivyo."

Mzee mmoja akaguna, akaanza kulikusanya blanketi lake ainuke. Nilidhani tumewapoteza. Nakumbuka nilijisemea kwamba Bwana Afya ana haki ya kunishtaki wilayani.

Babu akauliza tena. "Hiyo ndui, ikimkuta mtu mwenye kifua kibovu?"

"Haponi."

Babu akageuza kichwa kuelekea jikoni, akamwita mke wake kwa Kimatengo. Bibi hakuelewa anaitiwa nini, akaja na kata ya maji akidhani anataka kunawa. Babu akaichukua ile kata, akaiweka chini, akamwonyesha mahali pa kukaa, pale pale kwenye kigoda chake mwenyewe, yeye akiwa ameshainuka.

"Aanze yeye," alisema.

Mdogo wake akashtuka. "Kaka, wewe ndiye mkubwa hapa."

"Ndiyo, mimi ndiye mkubwa. Na nimesema aanze yeye."

Bibi alikaa ukingoni mwa kile kigoda kama mtu aliyewekwa juu ya yai. Alitoa mkono wake mwembamba, akafumba macho. Bwana Afya akachomachoma, haraka, kwa mkono mwepesi kuliko nilivyotegemea, akasema, "Tayari, Mama." Bibi akafumbua macho. Alinitazama, na ninaapa alitaka kunitania, ila mahali penyewe palimzuia. Babu akafuata, amesimama, shati limekunjwa mpaka begani. Wakafuata wadogo zake mmoja mmoja, kisha wanawe, na baada ya hapo Babu akawaambia wanawake nao wapange mstari, na kufikia mchana habari ilikuwa imevuka mpaka mteremko wa pili, na watu walikuwa wakija wenyewe. Bwana Afya alichelewa kushuka ziwani. Aliponiaga aliniambia, "Wewe siku moja utaua watu kwa ukweli wako." Lakini alinipa mkono, akaushika sana.

Ndui haikupanda mpaka kwetu. Baridi ndiyo iliyopanda, kama kawaida yake, na mafua yakaanzia shuleni, kama kawaida yake. Ila kwenye mji wa Babu nililiona jambo jipya. Jioni moja chakula kilipelekwa kwenye sengu, wanaume wakakaa, na Babu hakuwepo. Alikuwa amekuja jikoni. Alijifinya mlangoni na urefu wake wote, akaketi upande wa pili wa moto, akasema, "Nipeni hapa." Bibi alibaki na mwiko mkononi. Mimi nilitaka kutoka, nikaambiwa nikae. Tangu hapo, baridi ilipoingia tu, alikula jikoni. Wadogo zake walilalamika kwamba sengu limekuwa yatima. Babu alileta kuni mwenyewe, kuni kavu, akakataza watoto wenye makamasi wasilale na bibi yao, na asubuhi alimzuia asitoke kwenye umande, wakagombana kwa sauti za chini kuhusu kahawa ambayo Bibi alidai itaoza mtini bila yeye. Mwaka huo hakuugua.

Uhamisho niliokuwa nautishia ukaja wenyewe. Nilipelekwa ziwani, kwenye zahanati moja ya pwani ya Nyasa, na nikaacha koti la sufu kwa nesi aliyenipokea. Nilirudi kwenye joto na harufu ya samaki, nikanenepa, nikaolewa na mwalimu. Habari za mlimani zilinifikia kwa wachuuzi wa usipa: Bibi anakusalimu, Bibi anauliza kama samaki wa kwenu wameshafika kwa miguu. Baridi moja ikapita, nyingine ikapita.

Kisha siku moja ya mwezi wa nane nikamwona Babu amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa ameteremka na lori mpaka lilipoishia, kipande kilichobaki akatembea. Nilimwamkia, nikamwuliza habari za nyumbani, akasema nzuri, kama inavyopasa, na mimi nikajua si nzuri. Nilimpeleka nyumbani. Nikampikia samaki mbasa na ugali, nikamnawisha, akala. Alipomaliza ndipo aliposema.

"Bibi yako ametutoka."

"Kichomi?"

"Kichomi. Sindano alichomwa zote. Yule binti aliyekuja baada yako ni mzuri, usimlaumu."

Nilikaa chini palepale nilipokuwa, nikalia kwa sauti, na mume wangu akatoka nje kutupisha. Babu aliniacha nilie. Niliponyamaza kidogo nilimwomba anisamehe. Sikujua namwomba msamaha wa nini hasa. Nilisema ningependa siku ile pale kwenye sengu ningekuwa na jibu lingine la kumpa.

"Siku ile nilikuchukia," alisema. "Mbele ya watu wote, unaniambia haipo. Yule bwana alikuwa ameshaanza kunipa neno zuri, na nilikuwa tayari kulipokea."

"Najua, Babu."

"Ningelipokea, ningemwacha na moto wake, nikaenda zangu kula na wanaume. Ningesema amekingwa." Alitazama mikono yake, iliyokuwa bado na maji ya kunawa. "Nimeoana naye tangu ujana, mwanangu. Amenizalia watoto wote wale. Na nilikuwa sijawahi kumwona anakula. Sikujua kwamba anapenda ukoko. Baridi zote hizi nilikuwa nambandulia ukoko wa sufuria, nampa, anakula anacheka."